Zile nyota tulimwekea nani?

Usiku mmoja hivi majuzi, simu yangu ikiwa kwenye chaji, programu ninayosikilizia muziki ilijisasisha bila kuniuliza. Nilipoifungua asubuhi ndani ya matatu ya Rongai, ile safu ya nyota tano iliyokuwa chini ya jina la kila wimbo haikuwapo. Mahali pake palikuwa na moyo mmoja mtupu, usio na rangi. Siku mbili baadaye nilichungulia ukurasa wa programu hiyo kwenye duka la programu, nikakuta umejaa lawama, nyingine kwa Kiingereza, nyingine kwa Sheng, na nyingi zikiwa neno moja tu: rudisheni. Wajuzi wa teknolojia nao, kama kawaida yao, walikuwa na jibu mkononi. Watu hawapendi mabadiliko, wakasema. Wape wiki tatu watazoea.

Nadhani wajuzi hao wanatazama pasipofaa. Moyo na nyota ni vichoro tu, na hakuna mtu mzima anayekosa usingizi kwa ajili ya kichoro. Lakini alama yoyote ina swali lake: anayeiweka anamwekea nani? Nyota za zamani msikilizaji alijiwekea mwenyewe, kama mama mboga anavyoandika deni la jirani kwenye daftari lake la kurasa zilizokunjamana. Moyo na dole gumba tunaiwekea kampuni. Kwa hiyo wanaopiga kelele wakiambiwa wanalilia sura ya programu wanasingiziwa. Wao wamerudi kibandani wakakuta daftari lao limechukuliwa, wakakabidhiwa fomu ya maoni ya wateja, na juu yake wakaambiwa fomu hiyo ndiyo daftari jipya.

Turudi nyuma kidogo. Julai 2002 kampuni ya Apple ilitoa toleo la tatu la iTunes, programu yake ya muziki ya kompyuta, na ndani yake mlikuwa na vitu viwili vilivyotegemeana: nyota moja hadi tano kwa kila wimbo, na orodha zinazojipanga zenyewe. Uliweza kuiagiza kompyuta ikupe nyimbo zote ulizozipa nyota nne kwenda juu ambazo hujazisikiliza kwa miezi mitatu, nayo ikatii, na kila ulipoongeza nyota mahali, orodha ikajirekebisha. Hapa Nairobi waliokuwa na kompyuta za Apple walihesabika, lakini Winamp na Windows Media Player zilikuwa na nyota hizo hizo, na aliyepita kwenye saiba za katikati ya jiji miaka ile akitaka kuchomewa CD ya MP3 anamkumbuka kijana wa kaunta aliyejua faili zipi zitangulie. (Faili zenyewe zilitoka wapi ni hadithi nyingine, na sitaki kumtia mtu matatani.) Wimbo ulikuwa faili, faili ilikaa kwenye kompyuta ya mtu, na nyota ilikuwa mwandiko wa mwenye kompyuta.

Muziki ulipohamia mtandaoni mali ilibadilisha mikono, na alama ikaifuata mali. YouTube ilitangulia: mwaka 2009 ilieleza kwamba wengi mno wa waliozipa video nyota walizipa tano, na mwaka uliofuata ikaleta dole juu na dole chini. Mwaka 2016 Apple ilipoichora upya programu yake ya muziki katika iOS 10, mfumo wa simu za iPhone, nyota hazikuonekana tena kwenye simu. Watu wakateta. Desemba mwaka huo huo, katika iOS 10.2, zikarudi, ila zimefichwa ndani ya mipangilio, mahali ambapo asiyejua kwamba zipo hawezi kuzikuta. Netflix ilizitupa zake Aprili 2017. Hata moyo wenyewe haukuwa na maisha marefu kila mahali: Spotify, programu ya muziki iliyoingia Kenya Februari 2021, iliuondoa mwaka 2023 na kuweka alama ya kujumlisha, ambayo kazi yake ni kuhifadhi wimbo kwenye orodha.

Kampuni hizi hazikufanya hivyo kwa roho mbaya, na hoja yao iliyo bora ina uzito. Netflix ilipojaribu dole gumba badala ya nyota, iliona watu wakitoa alama kwa wingi zaidi, ongezeko la asilimia 200. Tena iligundua jambo ambalo mzazi yeyote anaweza kukuambia bure: mtu akiulizwa anapenda nini hutaja kitu kimoja, akiachwa peke yake hufanya kingine. Watazamaji walikuwa wakizipa filamu za makala nyota tano kwa heshima, kisha wakijilaza kochini usiku wakatazama vichekesho walivyovipa tatu. Nyota, kwa maneno mengine, zilikuwa zikisema uongo wa adabu. Na wanaotabiri kwamba tutazoea wana historia ya kutolea mfano. Septemba 2006 Facebook ilipoanzisha ukurasa unaokuonyesha habari za marafiki zako zote pamoja, mamia ya maelfu ya watumiaji walijiunga na makundi ya kuupinga. Leo ni vigumu kuiwaza Facebook bila ukurasa huo.

Ila hoja ya Netflix imejengwa juu ya filamu, na wimbo una maisha mengine kabisa. Filamu unaitazama mara moja, mbili ikikukuna sana, na ukishamaliza alama uliyoiwekea haina kazi kwako. Inamfaa anayetaka kukuuzia filamu nyingine. Wimbo unaurudia mara mia. Alama ya wimbo unaiweka kwa ajili ya Jumamosi ijayo, wageni wamefika, mikono yako ina unga wa chapati, na huna muda wa kupekua. Tofauti ya nyota tatu na nne, ambayo kwa Netflix ilikuwa kelele kwenye hesabu, kwa msikilizaji ndiyo mpaka kati ya wimbo wa kuoshea vyombo na wimbo wa kuwainua watu vitini. Moyo una majibu mawili tu, ndiyo na kimya. Rafiki yangu mmoja wa Umoja ana orodha ya nyimbo alizozitia moyo, na imepita 2,000. Huipandisha na kuishusha kwa kidole kama mtu anayetafuta jina lake kwenye sajili ya wapigakura iliyobandikwa ukutani, halafu anachoka, anabonyeza kile ambacho programu imemwandalia. Mtambo unaopendekeza nyimbo nao unaandika kwamba amekichagua.

Hapo ndipo wahandisi wanapoleta hoja yao ya pili, ambayo wanaiamini kuliko ya kwanza. Alama zako hatuzihitaji, wanasema, kwa sababu tunaona unachofanya: wimbo gani uliuruka, upi uliurudia, upi uliukata kwenye sekunde ya kumi. Sawa. Chukua basi simu iliyochomekwa kwenye redio ya matatu. Saa kumi na moja alfajiri inacheza nyimbo za injili, kwa kuwa abiria wa saa hiyo wanaenda kazini wakiomba kimoyomoyo wasichelewe. Saa nne, gari likiwa nusu tupu, rhumba ya wazee. Jioni foleni ikishakaza Lang'ata Road ni gengetone na dancehall, sauti imepandishwa hadi kioo cha dirisha kinatetemeka. Yote hayo ni akaunti moja, na mara nyingi si ya dereva, ni ya makanga, au ya mdogo wake anayelipa kifurushi. Mtambo unamwona mtu mmoja, mcha Mungu asubuhi, asiyeshikika usiku. Wimbo unakatwa katikati kwa sababu kuna polisi wa trafiki mbele. Mtambo unaandika kwamba haupendwi. Bando linaisha kwenye kibwagizo, haupendwi. Wimbo mbovu unacheza hadi mwisho kwa kuwa makanga ananing'inia mlangoni akidai nauli na mikono yake imejaa noti. Huo unapendwa sana. Ukishuka na kuingia kwa kinyozi utakuta mambo ni yale yale, spika moja, simu moja, na wateja 30 wa ladha 30 kwa siku. Nyumbani mtoto amechukua simu ya mama na kurudia wimbo wa katuni mara kumi na nne. Hesabu inayodhani kila simu ina mtu mmoja mwenye masikio yake na chumba chake ilifanywa mahali ambapo watu huishi hivyo. Msikilizaji aliyekuwa akiketi dakika mbili na kuweka nyota zake mwenyewe ndiye pekee aliyeweza kuisahihisha.

Kwa muziki wa hapa nyumbani hasara inazidi. Mugithi wa gitaa moja mara nyingi hurekodiwa kwa mfululizo, wimbo ukiingia ndani ya wimbo bila kupumua, na unaupata mtandaoni ukiwa kipande kimoja kirefu chenye kichwa cha ovyo. Benga ya miaka ya sabini imerundikwa kwenye mikusanyiko ambayo jina la bendi limeandikwa hivi leo na vile kesho. Kutafuta kwa jina hakukusaidii sana usipojua aliyepakia alikosea vipi. Anayependa muziki huo alikuwa na njia moja ya uhakika ya kurudi alipotoka, nayo ni alama aliyoiacha siku alipoukuta. Kwa msikilizaji wa nyimbo zinazovuma upotevu wa alama ni usumbufu wa siku mbili. Mtambo utamletea wimbo huo tena atake asitake. Kwa msikilizaji wa ohangla iliyorekodiwa kwenye harusi fulani, huenda asiuone tena wimbo wake.

Ndiyo maana ile hoja ya mwanzo, ya kwamba watu wanaogopa kipya, ni dhaifu kuliko zote, na inashangaza kuisikia ikitolewa Nairobi. Huu ni mji uliotoka kwenye kaseti za River Road ukaingia kwenye CD, ukaingia kwenye flashi, ukaanza kupakua nyimbo kwenye tovuti ya Mdundo, ukafungua programu ya Boomplay iliyokuja tayari ndani ya simu ya Tecno, na hapakuwa na maandamano. Mama aliyekuwa akifunga noti kwenye ncha ya leso alianza kutumiwa pesa kwa M-Pesa mwaka 2007, na baada ya muda mfupi ndiye aliyekuwa akimfundisha mumewe namba za siri zisizokisiwa. Watu kama hao wakikataa kitu, heri mtu aulize kuna nini. Na hilo la kwamba watazoea halithibitishi chochote. Nairobi tumezoea pia mgao wa maji. Tuna mitungi ya njano mstari mzima kwenye balkoni, na sijamsikia mtu akidai kwamba tunaupenda.

Wengine husema, kwa ukali kidogo, kwamba asiyeridhika ahame. Anayesema hivyo labda hajawahi kuhama nyumba Eastlands mwisho wa mwezi. Unapohama unakodi mkokoteni, unapakia kochi, kitanda, meko na sufuria, na mwenye nyumba hata akiwa mkali namna gani hawezi kukuzuia kuondoka na sufuria yako. Ukihama programu ya muziki unaacha sufuria zote. Miaka sita ya alama inabaki nyuma, na nyimbo ulizozihifadhi usikilize bila mtandao unazipakua upya, kwa bando lako. Huo ni uhuru wa kuhama uchi.

Walalamikaji nao wana kosa lao, na si dogo. Wanachanganya alama ya siri na alama ya hadharani, wakidai zote kwa pumzi moja. Novemba 2021 YouTube ilipoficha idadi ya madole ya chini, ikisema inawakinga watengenezaji dhidi ya makundi yanayopanga kuwashambulia, kelele zilikuwa kubwa kuliko za nyota yoyote. Mimi siku hiyo nilikuwa nusu upande wa YouTube. Idadi ile ilimsaidia anayetafuta jinsi ya kurekebisha bomba na kutaka kujua kama fundi wa kwenye video ni mlaghai, lakini kwa msanii chipukizi wa mtaani, watu 300 waliotumwa na mpinzani wake waliweza kumzika kabla wimbo haujafika kibwagizo cha pili. Alama ya hadharani ni neno unalomwambia mwenzako, na neno lina adabu zake. Waliolelewa na redio wanakumbuka kadi za salamu: unanunua kadi dukani, unajaza majina ya ndugu, marafiki na yule binti wa jirani ambaye humtaji kwanza ili usishukiwe, unachagua wimbo, unatuma kwa posta. Kila mtu alijua ule wimbo umechaguliwa kwa ajili ya kusikiwa na watu. Hakuna aliyedhani kadi ya salamu ni mahali pa kuweka kumbukumbu zake. Moyo wa kwenye simu unataka kuwa kadi ya salamu, daftari la nyumbani na ripoti ya kampuni kwa wakati mmoja, na msikilizaji akiubonyeza hajui ni ipi kati ya hizo ameijaza. Kuna kichekesho kidogo hapa pia. Mahali ambapo nyota tano hazijaguswa ni kwenye maduka ya programu, na huko ndiko watu walikokwenda kulalamika, wakitoa nyota moja kwa programu iliyowanyang'anya nyota.

Kwa nini basi kampuni zisiache vyote viwili, moyo kwa ajili yao na nyota kwa ajili yetu? Namba moja kati ya 1 na 5 kando ya wimbo haijazi diski ya mtu. Wabunifu watasema skrini ni ndogo na vitufe vinasongamana, na kwa simu ya shilingi elfu kumi wana haki. Lakini kipo kingine. Novemba 2020 Spotify ilitangaza mpango unaomruhusu msanii au lebo kupendekeza wimbo usukumwe zaidi kwenye redio za programu na kwenye nyimbo zinazojicheza zenyewe, naye akubali kulipwa mrabaha mdogo zaidi kwa usikilizwaji unaotokana na msukumo huo. Sidai kwamba nyota ziliondolewa kwa sababu hiyo. Ninachosema ni kwamba nafasi ya wimbo unaofuata sasa ina bei, na msikilizaji anayejua kuzitoa nyimbo zake mwenyewe kabatini hapiti mbele ya rafu hiyo mara nyingi. Hakuna mwenye duka anayehangaika kumwekea mteja mlango wa nyuma.

Wanamuziki wetu wangefaa kulifuatilia hili kwa karibu kuliko sisi wasikilizaji. Tangu mwaka 2024 wimbo usiofikisha usikilizwaji 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi mrabaha wa rekodi kwenye Spotify. Msanii wa Kayole asiye na lebo ana mashabiki wangapi wa kweli? Tuseme 200. Kila mmoja akiurudia wimbo mara tano kwa mwaka, umevuka. Mara nne, haujavuka. Kinachowapeleka watu hao kwenye ile mara ya tano ni urahisi wa kuupata tena wimbo walioupenda mwezi wa Februari, na kwa hilo alama ya kujiwekea ina faida kuliko mioyo 200 iliyozikwa ndani ya orodha zisizo na mwisho. Wasanii wanapowaomba mashabiki wabonyeze moyo, mara nyingi wanawaomba wazungumze na mtambo. Wangewaomba wakumbuke, lakini kitufe cha kukumbukia ndicho kilichoondolewa.

Kuna mlango mmoja ambao sijaona wengi wakiubisha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa Mkenya haki ya kuziona data zinazomhusu, na kifungu cha 38 kinamruhusu azipokee katika mfumo unaosomeka na mashine na azipeleke kwingine. Nyota nilizoweka kwa mkono wangu, wimbo kwa wimbo, miaka sita, zinanihusu mimi kama namba yangu ya simu inavyonihusu. Barua ya kuziomba ni ya mistari minne, na inafaa iandikwe mapema, kabla ya toleo linalofuata, kwa sababu kampuni ikishafuta safu hiyo itajibu kwa ukweli mtupu kwamba haina kitu. Yangu nimeituma.

Jioni ya juzi matatu ya kurudi Rongai ilikwama kabla ya Bomas. Makanga akachomoa simu yake kwenye redio, ilikuwa imeishiwa na bando, akachomeka flashi iliyofungwa uzi mwekundu. Kioo kidogo cha redio kikaanza kupitisha majina ya folda: ASUBUHI, JAM, WAZEE, KALI, KALI SANA. Akabonyeza hadi ya mwisho, akarudi mlangoni.